Lenzi Hiyo Usiipeleke Palma

Mikindani

Mpwa wangu mpendwa,

  Mkaza mjomba wako anaendelea na mguu wake, watoto wako shule, na korosho utazisikia kwa mama yako, maana yeye na simu hawaachani.

Kilichonishikisha kalamu ni habari walizonishushia vijana wa mashua waliotoka Pemba ya Msumbiji juzi. Wanasema umeuza fungu lako la chombo cha marehemu baba yako, ukanunua lenzi ile ndefu ya 70 hadi 200 yenye tundu la 2.8, pamoja na stendi na mkoba wa mgongoni. Wanasema pia kuna mtu amekuahidi hela uende nayo Palma na Mocímboa da Praia ukampigie picha. Walikuwa wanakusifu: “Mpwa wako sasa anamvuta mtu wa ng'ambo mpaka unamhesabu ndevu.” Wakacheka. Mimi sikucheka.

Mashua tutaizungumza siku nyingine, tukiwa wawili. Ningependa kuulizwa kabla, kwa sababu mimi ni mjomba, na kwetu mjomba haambiwi na mabaharia. Lakini mbao ni mbao. Safari ndiyo iliyoninyima usingizi.

Lenzi yenyewe sina ugomvi nayo. Wanaokwambia umetupa hela hawaijui kazi. Hizi lenzi za bei nafuu ukizivuta mpaka mwisho tundu linajifinya hadi 5.6, hiyo yako inabaki 2.8 uwe kwenye 70 au kwenye 200, yaani inaingiza mwanga mara nne zaidi. Jua linapozama, wavuvi wakikokota juya, mwenye 5.6 anapiga kwa 1/60 ya sekunde na mikono yote inatoka ukungu. Wewe unapiga kwa 1/250 na matone ya maji yanasimama hewani. Ila ujue masharti yake. Mtu akiwa mita tano mbele yako, umevuta hadi 200 na tundu liko wazi kabisa, kinachokaa kwenye fokasi ni upana wa kiganja tu. Ukishika pua, sikio limeshayeyuka. Shika jicho.

Na ile kola yenye mguu chini ya lenzi si pambo. Hicho chuma kina kilo moja na nusu. Kibebe kwa mguu huo, usibebe kamera huku lenzi inaning'inia, utalegeza shingo. Ndani ya chombo stendi haina kazi. Piga goti, viwiko vibane mbavuni, na injini ikiwaka usiegemeze lenzi ubavuni mwa mashua, kwa sababu mtetemo wote utaingia kwenye picha. Maji yakipwa Quirimbas na jua likapanda, hewa juu ya mchanga huchemka, na kitu kilicho mita mia tatu kinacheza hata ungekuwa na lenzi ya mfalme. Kazi ya mbali iishe kabla ya saa tatu asubuhi. Ukirudi, futa chumvi siku ileile kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiilaze lenzi mkobani msimu wa mvua, fangasi wataota ndani ya kioo na hakuna fundi Pemba wa kuwatoa. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu.

Haya. Turudi Palma.

Nikusimulie kisa ambacho mama yako anakijua nusu. Miaka ya themanini, vita vya Renamo vilipokuwa vinapanda kaskazini, nilikuwa kijana wa studio pale Pemba, nambebea vyombo fundi wangu. Mtaalamu mmoja wa Kisovieti alipomaliza mkataba wake akamwachia, kwa bei ya kutupa, kamera iitwayo Fotosnaiper. Wewe hujaiona. Ni Zenit ya kawaida, ila imefungwa kwenye kitako cha bunduki, na chini kuna kifyatulio. Mbele yake lenzi ya Tair, milimita 300. Unaweka kitako begani, unazungusha gurudumu chini ya lenzi kutafuta fokasi, unavuta kifyatulio, picha imeingia. Ilikuja ndani ya sanduku la bati. Kwa utulivu haikuwa na mfano, maana bega halitikisiki kama mkono, na fundi akaipenda kuliko mkewe.

Alasiri moja tukashuka ufukoni Paquitequete. Majahazi yalikuwa yanaingia kutoka Ibo, tanga limeshiba upepo, mwanga umelala. Fundi akapiga goti nyuma ya ngalawa iliyopinduliwa, akaweka kitako begani. Juu kidogo alikuwapo kijana wa mgambo. Huyo kijana aliona alichokiona: mtu amejibanza, amepiga goti, analenga baharini kwenye vyombo vilivyojaa watu. Kwa nini hakupiga risasi, mpaka leo sijui. Alipiga kelele kwa Kireno tulale chini, na nilipogeuka kumtazama fundi, tayari buti lilikuwa shingoni kwake na mdomo umejaa mchanga. Mimi nilikuwa nimekumbatia lile sanduku la bati, na sanduku likawa tuhuma ya pili.

Wakafungua mgongo wa kamera. Wakauvuta mkanda wote nje, juani, mmoja ameshika ncha huku na mwingine kule, wanautafutia picha kwa macho. Kumbe mwanzoni mwa mkanda ule kulikuwa na harusi tuliyoipiga asubuhi, na fundi hakutaka kupoteza zile picha chache zilizobaki, ndiyo maana tulikuwa ufukoni. Tukalala ndani mpaka mzee mmoja wa chama alipokuja kutudhamini. Bibi harusi yule yuko hai, ana wajukuu, na hana hata picha moja ya siku yake. Ukikutana naye usimwambie wewe ni wa kwangu.

Fundi alipotoka alichukua bisibisi, akang'oa kitako, akakitupilia mbali. Lenzi akaifunga kwenye stendi ya miguu mitatu. Tangu hapo kila alipoisimamisha ufukoni aliwaita walinzi kwanza, akawapisha wachungulie. Walichungulia, wakaona ngalawa imekuja karibu, wakaitana. Yule kijana wa mgambo mwenyewe alikuja kuchungulia, akaomba apigwe picha amesimama na bunduki yake. Fundi akampiga, akamchapishia bure, kadi ya posta. Hakuna aliyetugusa tena.

Utaniambia: mjomba, siku hizi kamera haina kitako. Ni kweli. Lakini tarehe 12 Julai 2007, Baghdad, Namir Noor-Eldeen, mpiga picha wa Reuters, alichungulia kona ya ukuta na kamera yenye lenzi ndefu. Wamarekani waliokuwa kwenye helikopta wakaona kirusha roketi. Wakamuua, yeye na Saeed Chmagh aliyekuwa naye, na watu wengine kadhaa. Wale walikuwa na vioo vya kijeshi vya kuona mbali na bado walikosea. Sasa mfikirie mwanajeshi wa miaka ishirini kwenye kizuizi cha njia ya Macomia, hajalala, ambaye wiki iliyopita amemzika mwenzake, anakuona mita mia mbili ukitoa kitu cheusi cha mviringo mkobani.

Na tusijidanganye kwamba lenzi fupi ingekuokoa. Amade Abubacar wa redio ya jamii alikamatwa Macomia tarehe 5 Januari 2019 akizungumza na watu waliokimbia vijiji vyao. Wakampeleka kambi ya jeshi Mueda, halafu gereza la Mieze hapo kwenu, mpaka Aprili. Huyo alirudi. Ibraimo Mbaruco wa redio ya Palma, tarehe 7 Aprili 2020, alimtumia mwenzake ujumbe kwamba amezungukwa na wanajeshi, na tangu jioni ile hajaonekana. Watu hao kazi yao ilikuwa sauti. Walikuwa wenyeji, wanajulikana kwa majina, wanasalimiwa njiani. Wewe unakwenda na mkoba wa kigeni na lenzi ya bei ya pikipiki.

Huo ni upande mmoja. Mashababu, wale waasi wa huko, nao wana macho. Mmoja akikukuta na kadi yenye sura za wanajeshi wa Rwanda, au ya wazee wa kijiji wakipeana mkono na mkuu wa kikosi, hatakuuliza habari za tundu la 2.8. Pande zote mbili swali lao ni moja: unampigia nani? Nami ndilo ninalokuuliza. Huyo mtu aliyekuahidi hela ni nani? Ana gazeti? Ana jina? Picha za Afungi kwenye mradi wa gesi, za uzio, za gati, za magari ya jeshi anazitakia nini? Tangu mashambulizi ya Palma ya Machi 2021, TotalEnergies walipofunga virago, pale hakuna picha ya bure. Mtu asiyekupa karatasi yenye sahihi yake amekukodi ili ukikamatwa ukamatwe peke yako.

Kuna jambo jingine ambalo muuza lenzi hakukuambia. Ukisimama mbali na kumvuta mtu, vitu vinasogeleana. Mvuvi anayeparua samaki na watu wenye silaha walio mita mia nyuma yake, kwenye picha wanakuwa wamekaa pamoja, tena wanaonekana kama wanaongea. Wewe unajua hawakuwa pamoja. Afisa atakayeiona picha kwenye simu ya mtu hajui. Huko kaskazini watu wamezuiwa kwenda baharini na wameitwa wasaliti kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Yule mvuvi hata hakukuona, hakukusalimu, hajui kama amepigwa. Kesho anaulizwa habari ya picha ambayo hajawahi kuiona. Nakuomba hapo usome mara mbili.

Na picha kubwa haihitaji kuvizia kutoka mbali. Ricardo Rangel, mpiga picha wa Msumbiji ambaye Wareno walizizuia picha zake nyingi zisichapishwe mpaka uhuru wa 1975, yule mtoto mchungaji aliyechomwa chapa kwenye paji la uso na bwana wake hakumvizia kutoka ng'ambo. Alimpiga akiwa karibu naye. Nami, bila kujisifu, picha yangu ya Rais Samora alipokuja Pemba niliipiga kwa Zenit na lenzi yake ya kawaida ya milimita 58, nikiwa karibu kiasi cha kusikia akivuta pumzi kabla ya kusema. Hakuna mtu wa studio nyingine aliyekuwa na picha kama ile. Baba yako mdogo aliiazima aionyeshe kazini, na mpaka leo hajasema imekwenda wapi.

Sikuambii ufunge kazi. Lenzi hiyo ina riziki hapo hapo ulipo. Julai hadi Oktoba nyangumi wanapita mbele ya Pemba, mama na ndama, na wageni wa hoteli wanalipa kwa picha moja ya mkia ukitoka majini. Hapo 200 yako itakuwa fupi, tafuta kile kipande cha kuongezea urefu. Piga mpira. Piga harusi ukiwa nyuma ya ukumbi, mama wa bibi harusi alie bila kujua unamtazama, kisha umwonyeshe, akikataa ufute. Piga mashindano ya ngalawa. Kasa ni wa kupigwa kwa kibali, na usiku usiwawashie flashi.

Ukishindwa kabisa kunisikia, ukaona lazima uende, basi haya. Nenda na karatasi, kredensiali yenye muhuri, na ukifika ripoti kwa administrador wa wilaya na kwa mkuu wa kikosi kabla hujafungua zipu. Njiani lenzi ndefu ikae chini ya nguo, betri imetolewa. Kizuizini mikono itangulie, kamera ifuate, na mlinzi achungulie yeye kwanza. Usipige askari. Usipige sura ya mtu aliyerudi kijijini bila kumuuliza jina lake na nani wake atakayedhurika. Usitume picha ukiwa huko. Kadi ziwe mbili na moja ibaki kwa mama yako.

Sali kwa wakati. Usikope kwa wale wa riba. Na yule binti wa Ibo, ama umpose ama umwache, watu wanasema.

Mama yako alishuka ufukoni Paquitequete mwaka 2021 na kitenge kimoja na wewe na mdogo wako, baada ya usiku kadhaa baharini bila maji ya kunywa. Aliyoyaona Palma hajawahi kunisimulia yote, nami sijamlazimisha. Nimemuuliza jana kama anajua unarudi huko. Alikaa kimya, kisha akaniuliza bei ya mchele wa Mtwara. Kwa hiyo anajua.

Nipigie kabla ya Ijumaa. Uniambie jina la huyo mtu, anakokaa, na nani anayemfahamu hapo Pemba. Nina rafiki wa zamani, mpiga picha wa magazeti, yuko Maputo, nitamuuliza. Jina likiwa safi tutazungumza habari ya safari kama watu wazima. Likiwa halipo, mrudishie hela zake, hata kama umeshazila nusu. Hiyo nusu nitaituma mimi kwa vijana wa mashua. Na ukimwona baba yako mdogo, mwambie bado naitaka picha yangu.

Wasalaam,
Mjomba wako