Gari Likikosakosa

Mtu aliyesahihisha insha za wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini haachi kalamu nyekundu hata akistaafu. Basi kijana fundi aliponiambia kwamba gari langu "linamisi", nilimsahihisha kabla sijamsikiliza. "Sema linakosakosa," nikamwambia. Akatabasamu kwa adabu, akajibu, "Sawa, Mwalimu. Linakosakosa. Lakini kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Ninaishi Kibaoni, Ifakara, na gari langu ni dogo, la Kijapani, lililokwisha kutumika kwao kabla ya kunifikia. Masika yaliyopita lilianza tabia mbaya. Asubuhi linawaka vizuri. Likishatembea nusu saa, linatetemeka, taa ya injini inawaka, kisha linazimika kama mtu aliyekatizwa maneno. Ukilisubiri lipoe, linawaka tena kana kwamba halikufanya kosa lolote.

Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka msibani Lupiro, mimi na mama watoto, ambaye ana kisukari na hula kwa saa. Tulivuka Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, nami nikamkumbusha kwamba enzi za kivuko tungeweza kulala ng'ambo. Maneno hayo hayajapoa, gari likazimika. Giza likaingia. Saa nzima tulikaa kando ya barabara tukisikiliza vyura wa bondeni, naye akaanza kutoka jasho na kutetemeka mikono. Andazi moja tulilopewa msibani, lililofungwa katika gazeti, ndilo lililotuokoa. Tangu usiku ule, ubovu wa gari haukuwa tena jambo la fedha tu.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha koili, halafu pampu ya mafuta. Kila mara nililipa, na kila mara gari lilizimika. Mwishowe fundi wa pili akatamka hukumu: "Kontroli boksi imekufa. Nunua nyingine." Nilikuwa nimekwisha kuzitenga fedha za kiinua mgongo nilipokutana na yule kijana wa "linamisi". Nilimfundisha Kidato cha Pili. Sikumbuki kumpa alama nzuri hata siku moja.

Tulioanza kuendesha magari ya zamani tulizoea kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa bila kumuuliza mtu. Katika magari ya siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini, yaani hiyo kontroli boksi. Sensa zake huipa habari: hewa inayoingia ni kiasi gani, maji ya rejeta yana joto gani, mhimili wa injini umefika wapi katika kuzunguka kwake. Nayo huamua petroli ipulizwe kwa muda gani na cheche itoke lini, mara nyingi katika kila sekunde. Mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli ulianza kuenea mwaka 1967, kampuni ya Bosch ilipouweka katika Volkswagen 1600. Mwaka huohuo sheria iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Tangu hapo mafundi wameendelea kuleta vitu, nasi wapenda lugha tumeendelea kuvitafutia majina.

Na majina hayo yametutesa. Kwa kompyuta tulisikia "ngamizi", kisha "tarakilishi", neno lililoundwa kwa tarakimu na akili. Yote ni maneno mazuri, lakini huku kwetu "kompyuta" ndiyo iliyoshika. Kwa upande mwingine, tulipoona gurudumu la kuongozea gari hatukuunda wala kukopa upya: tulichukua "usukani" wa chombo cha baharini tukaupandisha nchi kavu, na leo hata mtoto wa Ifakara asiyewahi kuiona bahari anautaja bila kusita. Nilimweleza kijana haya yote huku akifungua boneti. Alinisikiliza, kisha akaniomba nimshikie tochi.

Alichomeka mashine ya kupimia katika tundu lililo chini ya usukani. Zikatokea namba mbili: P0352, inayohusu mkondo wa koili ya pili, na P0606, inayohusu kichakata cha kompyuta yenyewe. Nikasema, "Basi fundi mwenzako alikuwa sahihi." Akajibu, "Namba ni ushahidi, Mwalimu, si hukumu. Boksi likikosa umeme wa kutosha nalo husema uongo."

Akapima betri: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, 14 ikiwa inanguruma. Akapima waya zinazoleta umeme kwenye boksi, kisha waya za ethi, maana ethi mbovu huua watu wasio na hatia. Akapima volti 5 ambazo boksi hugawia sensa, akazichomoa sensa moja baada ya nyingine, kwa kuwa sensa moja iliyoungua ndani inaweza kuuvuta chini umeme wa zote. Zote zilikuwa nzima. Ndipo akaenda saluni ya jirani, akaazima draya ya kukaushia nywele.

Boksi lilikuwa nyuma ya dashibodi, upande wa abiria. Injini ikiwa inanguruma, akalipuliza kwa hewa ya moto. Dakika chache tu, gari likatetemeka na kuzimika. Tukalipepea kwa jalada la daftari hadi likapoa, gari likawaka. Akarudia mara ya pili, ikawa vilevile. Sasa alikuwa na haki ya kusema boksi ni bovu. Alipolifungua, tuliona kutu ya kijani ikitambaa juu ya njia za shaba, na lehemu iliyopasuka katika miguu kadhaa ya vipande vyake. Joto lilipozitanua nyufa, mawasiliano yalikatika; baridi ilipozifunga, yalirudi.

Nilidhani kazi imekwisha. Kijana akauliza tena swali lake: "Lakini kwa nini?" Akainua zulia la upande wa abiria, lilikuwa limelowa. Akafuata unyevu hadi chini ya kioo cha mbele, penye mfereji wa kutolea maji ya mvua. Mfereji ulikuwa umezibwa na majani ya mwembe, mwembe wangu mwenyewe ninaoegesha gari kivulini mwake. Maji yaliyokosa njia ya kutokea yalikuwa yakiingia ndani na kulidondokea boksi. Ningenunua jipya nikaliweka palepale, masika moja yangelimaliza.

Boksi lililotumika lilitafutwa Dar es Salaam, lenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa kuwa kufanana kwa umbo hakutoshi. Lilifika kwa basi. Hata hivyo halikuutambua ufunguo wangu, kwani siri ya ufunguo hukaa ndani ya kumbukumbu ya boksi ili mwizi asiweze kuondoka na gari. Fundi mwingine, wa vifaa vya kielektroniki, aliihamisha chipu ya kumbukumbu, ndogo kama punje ya mpunga, kutoka boksi la zamani hadi la pili. Kijana akachomoa betri kwanza, akafunga boksi, akazibua mfereji. Gari likawaka. Tuliliendesha hadi Mang'ula na kurudi bila kukosakosa, na mama watoto amekwisha kwenda kliniki mara tatu kwa gari hilo.

Nimejiuliza sana kuhusu insha za kijana yule. Niliandika pembeni mwa kurasa zake, "Hukuelewa swali." Huenda kuna mara nilibadilisha neno lake bila kutafuta kwa nini amelikosea, kama yule fundi aliyebadilisha pampu. Bado nashikilia kwamba "linakosakosa" ni tamu kuliko "linamisi". Lakini nimejifunza kumsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi yake, kisha ndipo niishike kalamu. Nilipokuwa nikisubiri basi lililoleta boksi, nilitunga ubeti huu, nanyi malenga mniambie ulipopungukiwa:

Gari likikosakosa, usikimbilie duka,
Pima kwanza penye kosa, hadi chanzo kufichuka,
Pupa huleta mikasa, na mfuko kukauka,
Maji yakikufikia, tazama yalikotoka.

Nilimsomea kijana. Akahesabu mizani kwa vidole vyenye grisi, nane kwa nane, akasema, "Hapa haukosikosi, Mwalimu." Mwembe bado upo. Gari sasa linalala upande wa pili wa nyumba.