Jumba la Makumbusho na Kikapu cha Nyanya

Likizo zinapofika wazazi wengi wa mjini hukuna vichwa wakitafuta mahali pa kuwapeleka watoto. Wengi huishia kwenye bembea na chipsi. Leo nakushauri uwapeleke kwenye Jumba la Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Lakini ikiwa asili yako ni Kisii au Nyamira, kuna jambo la kufanya pia huko nyumbani.

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka wa 1930 na kupewa jina la Coryndon, aliyekuwa gavana wa mkoloni. Humo utaona ndege na wanyama waliokaushwa, pamoja na mifupa ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Utaona pia picha za watu wa jamii zetu zilizochorwa na Joy Adamson.

Nilikwenda na mpwa wangu, mzaliwa wa Nairobi ambaye kwao ni Nyamira. Ndovu alimshangaza, lakini alikwama mbele ya vikapu na vibuyu vilivyowekwa nyuma ya kioo.

"Mjomba, nyanya ana kikapu kama hiki!" alisema.

Nilimweleza kwamba hicho cha nyanya huitwa ekee, na Abagusii hukitumia kuandalia ugali wa wimbi. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kile cha nyanya kikioza, sisi pia tutakuwa tukilipa ndipo tukione?"

Swali hilo lilinichoma. Makumbusho huhifadhi kikapu, msomaji, lakini hayawezi kuhifadhi mkono unaokisuka. Tazama uchongaji wa mawe kule Tabaka. Haujafa kwa sababu watoto huketi karibu na wazazi wao wakajifunza. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, alichonga sanamu ya ndege iliyoko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini je, ni vijana wangapi leo wanaoweza kupiga obokano, ile ala ya nyuzi nane inayofanana na nyatiti?

Tulipofika Nyamira mwezi wa Desemba, mpwa wangu alimwomba nyanyake amfundishe kusuka. Mama yangu alicheka, akakishusha kikapu chake na kukipangusa vumbi.

"Nilidhani hamvitaki tena vitu hivi," alisema.

Kumbe wazee wetu hunyamaza kwa kuwa hatuwaulizi! Basi, mzazi, wapeleke watoto Nairobi, au hata kwenye makumbusho ya Kisumu yaliyo karibu zaidi na Kisii. Wakirudi, waketishe karibu na nyanya yao wakiwa na daftari na kalamu. Nawe mwanafunzi, usingoje kupelekwa. Uliza jina la kila chombo kilichoko jikoni mwake.

Mwacha mila ni mtumwa.