Mungu wa Jirani

Katika mihadhara ya umma ambayo nimewahi kuihudhuria chuoni, hakuna ulionigusa kama ule uliohusu utamaduni na dini za kale za Wahindi na Wairani. Mababu wa watu hawa walikuwa jamaa moja kabla ya kutengana, na ushahidi umo katika ndimi zao. Kinywaji cha ibada kiitwacho soma katika Rigveda huitwa haoma katika Avesta. Saba ni sapta huku, na hapta kule. Sisi tuliosoma isimu ya Kibantu twaijua vyema mizani hii ya sauti.

Lililonishangaza zaidi ni hatima ya neno deva. Kwa Wahindi, deva ni mungu. Katika Avesta, daeva ni pepo mwovu wa kukataliwa. Ahura nalo likatukuzwa katika jina la Ahura Mazda, Mola aliyehubiriwa na Zarathushtra, ilhali asura wa Wahindi waliishia kuwa maadui wa miungu.

Hapo nilimkumbuka nyanya yangu. Kwake, neno ngoma la Kikuyu lilitaja roho za wahenga wetu. Kanisani nilifunzwa kuwa neno lilo hilo ni shetani. Je, ni nani aliyewahukumu wazee wale, na kwa ushahidi upi?

Ndugu msomaji, ufunguapo kamusi usiridhike na maana uikutayo. Uliza pia ni nani aliyeshinda mabishano.