Miayo

Kiswahili kinaiita kipandauso, jina tamu kwa kitu kibaya hivyo. Lakini jina lenyewe linadanganya kidogo. Kikishapanda uso, kwangu huwa kimekaa ndani tangu jana yake.

Nakijua kwa miayo. Si miayo ya usingizi. Naweza kupiga kumi kabla chai haijapoa. Shingo inakaza, halafu natamani kitu kitamu kama mjamzito. Nikila chokoleti leo, kesho kichwa kipasuke, mwenzangu wa chumba ana jibu: "Si nilikwambia uwache hizo vitu?" Mama naye, kwa simu, analaumu jua la Kesses. Ati nivae kofia.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Hamburg, Laura Schulte na Arne May, walichapisha matokeo ya mgonjwa mmoja waliyempiga picha za ubongo kila siku kwa siku 30. Saa 24 kabla ya maumivu, haipothalamasi, kile kijisehemu kinachosimamia njaa, kiu na usingizi, ilikuwa tayari imebadilika. Sawa, mtu mmoja si dunia nzima. Lakini huenda ile hamu ndiyo shambulio lenyewe, limeshaanza, na chokoleti inasingiziwa tu. Hata jua: labda liliniumiza macho kwa sababu ubongo ulikuwa ushang'oa nanga.

Halafu kuna posho mill ya jirani. Mwenzangu akishaisikia dakika tano, haisikii tena. Ubongo huzoea kelele inayojirudia. Wa mwenye kipandauso, hata siku haumwi, mara nyingi hauzoei. Mimi naisikia mpaka debe la mwisho.

Kinachonisumbua zaidi ni kungoja. Dawa za triptani hufanya kazi vizuri zaidi ukizimeza maumivu yakiwa bado madogo, kwa hivyo lazima nijichunge. Na ukitarajia maumivu makali, ubongo unaweza kuyakuza. Sasa nijichunge kiasi gani? Nimeona mtu akijifungia chumbani wikendi nzima kwa sababu ya kichwa ambacho hakijauma.

Jumamosi kulikuwa na sherehe ya rafiki Eldoret. Nilikuwa nishapiga miayo mitatu. Nikapanda matatu hivyo hivyo, kidonge mfukoni, nikakaa mbali na dirisha. Tulipofika Cheptiret nikapiga wa nne. Nikageuka. Kondakta pia alikuwa anapiga miayo.