Mtoto Anayekataa Uji: Vyakula vya Sinia Letu Vilivyotusaidia



Leo nazungumza na mama wenye watoto wa miezi 9 na kuendelea, wale ambao juzi walikuwa wakimeza kila kitu na leo wanafunga mdomo na kugeuza uso. Mabibi harusi msikimbie, Inshaallah mtakuja kulihitaji hili.

Binti yangu alipofika miezi 10 aliukataa uji. Wa ulezi, wa mchele na tuwi, wa lishe, wote aliupiga mkono ukamwagika. Tulipokwenda kliniki, mwezi wa pili mfululizo uzito haukupanda, na ule mstari wa kwenye kadi ulikuwa umelala kabisa. Mwenye mtoto anajua mstari ule unavyoukata moyo.

Mama mkwe wangu, Allah amhifadhi, alisema nimlaze mapajani nimnyweshe kwa kiganja, ndivyo alivyowakuza wanawe wote. Nilijua anasema kwa mapenzi. Lakini mtoto anayelia huku ananyweshwa anaweza kupaliwa, na akishakiogopa kijiko atakiogopa na chakula chenyewe. Nikamwambia, "Mama, nakuomba wiki mbili nijaribu njia nyengine, na kliniki nitampeleka tena kupima." Akanyamaza, kisha akasema haya.

Njia yenyewe ilitokana na swali la muuguzi: "Nyinyi wenyewe mnakula nini, na yeye huwa wapi mnapokula?" Tulikuwa tunamlisha peke yake, mapema, kisha sisi ndio tunakaa kula. Kwa hiyo tulimkalisha mkekani pamoja nasi, na kisahani chake mbele yake. Siku ya kwanza aliuchezea wali tu. Siku ya tatu aliutia mdomoni mwenyewe.

Hivi ndivyo vilivyokubali kwetu. Vyote ni vya jikoni mwetu, na sehemu ya mtoto naitoa kabla sijatia chumvi na pilipili.

Mseto. Mchele na choroko vichemke pamoja mpaka vilainike sana, kisha tuwi jepesi. Pondaponda kwa uma, usisage. Umri huu mtoto anahitaji kukutana na vidonge vidonge ili ajifunze kutafuna.

Samaki wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu. Mchambue kwa vidole, si kwa kijiko, maana kidole ndicho kinachouhisi mwiba. Mchambue mara mbili, kisha changanya na boga au ndizi iliyopondwa.

Vipande vya kushika. Boga, kiazi kitamu au muhogo ulioiva vizuri na kutolewa mzizi wa kati, ukate urefu wa kidole. Ukikibonyeza kipande kwa vidole viwili kiwe kinapondeka. Binti yangu alikuwa hataki kulishwa lakini alitaka kujilisha, na hapa ndipo tulipopatana.

Yai na mchicha. Katakata mchicha mdogo mdogo, changanya na yai, kaanga mpaka liive kabisa, kisha kata vipande virefu.

Boko boko la kuku. Ngano imeshalainika na nyama imeshachambuka, kazi yako ni kutazama vifupa tu.

Dagaa wa unga. Warowekee kupunguza chumvi, toa vichwa, anika, twanga na uchekeche. Kijiko kidogo ndani ya mseto kinatosha. Dagaa, kunde na maini kidogo mara moja kwa wiki vinampa mtoto madini ya chuma yanayojenga damu. Mpe na kipande cha embe au chungwa, kwani matunda hayo yanausaidia mwili kuyapokea. Chai inafanya kinyume chake, kwa hiyo chai si ya mtoto.

Kiasi kisikutishe. Miezi 9 mpaka 11 ni kama nusu kikombe cha robo lita kwa mlo, mara tatu au nne kwa siku. Akitimiza mwaka unapanda taratibu mpaka robo tatu au kikombe kizima. Maziwa yako yaendelee, na Qur'ani imetutajia miaka miwili kamili. Ila biskuti na juisi kabla ya chakula tumeziacha, maana tumbo lile ni dogo.

Akikikataa kitu leo, kiondoe bila maneno, umrudishie siku nyengine. Chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara 8 mpaka 15 ndipo kikubalike. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Nami nikawaza, ikiwa mtu mzima ana ruhusa ya kuacha, mtoto wa miezi 10 tunamgombeza kwa lipi?

Tahadhari, mashoga. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka, hata ya kulambishwa. Njugu nzima, bisi, zabibu nzima na pipi ni za kukwama kooni. Na akila, awe amekaa, na mtu mzima anamtazama.

Pia kuna kukataa ambako si kwa kudeka. Akiwa na homa, anaharisha, anatapika kila anachokula, anakohoa kila akimeza, au uzito unashuka, usijaribu mapishi. Mpeleke hospitali.

Mwezi uliofuata mstari wetu ulipanda, kidogo lakini ulipanda, alhamdulillah. Binti yangu hajawa mlaji mkubwa, na siku za kugeuza uso zipo. Anayemchambulia samaki sasa ni bibi yake, na hakuna anayeruhusiwa kumsaidia. Anamwambia, "Sema Bismillahi, mjukuu wangu," naye anafungua mdomo akiwa amekaa, hakulazwa.

Na wewe bibi harusi, ukifika huko, kumbuka kwamba mama mkwe anataka mtoto ashibe kama unavyotaka wewe. Mpe nafasi kwenye mkeka, na mpe kazi ya kufanya.

Allah awape watoto wetu siha na atubarikie riziki zetu. Amin.