Ngomeni na Watoto

Miaka ya tisini, likizo ya Agosti ilipofika, nyumba yetu ya Mombasa ilijaa watoto: wangu, wa kaka yangu, na wa dada yangu waliotoka bara. Ili nyanya yao apate kupumua, nilikuwa nikiwakusanya na kuwapeleka Fort Jesus, ambayo sisi tuliiita Ngome tu.

Waongozaji wa siku hizo walipenda tarehe. Wareno walianza kujenga mwaka 1593, ramani ikachorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaizingira tangu 1696 wakaitwaa 1698, na Waingereza wakaigeuza gereza mwaka 1895. Watoto walivumilia hadi kwa Cairati, kisha macho yakahamia kwenye mizinga. Walipoambiwa kuwa ukiitazama kutoka juu ngome imekaa kama mtu aliyelala na kichwa kaelekeza baharini, ndipo walipochangamka, wakaanza kubishana nani kasimama begani na nani kaachwa mguuni.

Kilichowakamata hasa kilikuwa ule ukuta waliochorachora mabaharia wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Kuna merikebu, kuna samaki, kuna watu. Mpwa wangu mmoja, ambaye juma lile lile alikuwa ametandikwa kwa kuchora gari sebuleni, aliukazia macho ukuta ule kwa muda mrefu.

"Shangazi, hawa nao walipigwa?"

Sikuwa na jibu. Ila tangu hapo Mreno kwake hakuwa tena mtu wa kitabuni. Alikuwa kijana mbali na kwao, hana kazi mchana kutwa, na ukuta mweupe uko mbele yake.

Maswali yakafunguka. Walikuwa wakienda choo wapi? Maji ya kunywa je? Tukaonyeshwa kisima kirefu chenye maji ya chumvi, yasiyofaa ila kuogea na kufulia, na birika lililokuwa likikinga maji ya mvua. Hapo mzingiro wa karibu miaka mitatu ukaeleweka. Ndani walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kuna wakati mwaka 1697 Wareno walikwisha karibu wote, na aliyeishika ngome hadi meli zao zilipofika tena alikuwa Mswahili, Bwana Daudi wa Faza. Jina hilo sikulisikia darasani hata siku moja, na hadi leo naona ni dhuluma mtoto wa pwani kumjua Cairati asimjue Bwana Daudi.

Vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo Antonio de Tanna, meli iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama papo hapo mbele ya ngome, tulivipita mbio. Njaa ilikuwa imeanza kuuma, na nje kulikuwa na kachri za muhogo na madafu.

Safari moja mama alikubali kufuatana nasi. Alisita mlangoni, akajifunga buibui vizuri, akaingia kwa mguu wa kulia. Gereza lilifungwa mwaka 1958, yeye tayari mtu mzima. Utotoni mwake, mtoto mtundu alitishwa kwa maneno mawili tu: "Utapelekwa Ngomeni." Hakuigusa habari ya Wareno kabisa. Alisimama uani akawaeleza wajukuu jinsi wanawake walivyokuwa wakingoja nje na vikapu vya chakula, bila kujua kama kitapokewa. Watoto wasioweza kutulia dakika mbili walimsikiliza hadi mwisho, na mwongozaji naye akasogea karibu.

Aliyekuwa na miaka kumi wakati gereza linafungwa sasa amevuka sabini na tano. Ukiwapeleka wanao Ngomeni, tafuta mzee kama huyo mfuatane naye, na mwongozaji mwombe aanzie kwenye ule ukuta.