Andika kabla ya kupanda mashua

Ukitaka kuona magofu ya Songo Mnara, utapanda mashua Kilwa Masoko. Kilwa Kisiwani ni karibu, ng'ambo tu. Huko upo Msikiti Mkuu wa zamani, na Ibn Battuta wa Morocco alifika mwaka 1331. Songo Mnara ni mbali zaidi, upande wa kusini. Usitegemee kupata duka huko.

Mimi ni bwana shamba. Safari yangu ya kwanza sikuandika kitu. Nilidhani kichwa changu kinatosha. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamekupwa, na mashua yetu imekaa mchangani. Tangu maji kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita. Mama mmoja aliniomba maji ya mtoto wake. Dumu nililoahidi kuleta lilikuwa nyumbani, nyuma ya mlango! Mtoto yule alilia mpaka sauti ikakauka.

Sasa naandika siku moja kabla. Maji ya kunywa, chakula, dawa, kofia, shuka. Kila kitu nikikifunga, nakitia alama. Kibali cha kuona magofu chukua Masoko.

Andika pia maswali ya kumwuliza nahodha. Maji yatakupwa saa ngapi? Kusi inavumaje? Je, kila mtu ana jaketi la kujiokolea, hata mtoto? Kama hayatoshi, usipande.

Karatasi yako itie katika mfuko wa nailoni, pamoja na nauli ya kurudi.